Kijana wenu kabadilika, anasikia sauti, anajifungia ndani: wahini, na hivi ndio mnavyoanza

Naandika hii kwa mtu ambae yuko Pasua, Kiboriloni, Himo, au huko Arusha Sakina na Unga Limited, na ndani ya nyumba kuna kijana wa miaka 17, 19 au 23 ambae miezi ya karibuni sio yule mliyemzoea. Hakai mezani na wenzake, anashinda chumbani pazia limefungwa, usiku mnamsikia anatembea tembea, saa nyingine anacheka mwenyewe, na majuzi kasema jirani ana mtambo unaosoma mawazo yake. Nyie mnabishana kama ni bangi, ni mapenzi, ni kiburi au kuna mkono wa mtu. Huenda ni skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi unaanza hivi hivi. Mimi nimeishi na mdogo wangu mwenye huu ugonjwa, nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na mama za watu, na kama utaondoka na neno moja tu hapa basi liwe hili: wahi. Mgonjwa anayepata matibabu mapema toka dalili zianze kwa kawaida anakuja kuwa na hali nzuri kuliko aliyekaa mwaka mzima nyumbani watu wakisubiri atulie mwenyewe, hilo limeonekana nchi nyingi na limeonekana tena na tena.

Anza na ubongo, utauhitaji kwenye kikao cha ukoo

Naanzia huku kwa makusudi. Familia nyingi nilizokaa nazo benchi moja hazikukwama kwa nauli, zilikwama sababu hakukuwa na mtu mwenye jibu pale baba mkubwa aliposema huyu ni mvivu tu, shangazi akasema karogwa, mwingine akasema mpelekeni jeshini atanyooka, na mama yuko katikati analia. Ukiwa na maelezo mafupi yanayoeleweka unawavusha wote bila kumvunjia mtu heshima.

Watu wa Machame, Kibosho na Marangu mnaijua mifongo, ile mifereji ya wazee. Maji yapo kule juu, vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vipo, migomba ipo mizima, ila mgao ukivurugika kihamba kimoja kinafurika na cha chini yake kinakauka, na ukikagua mgomba mmoja mmoja huoni kosa. Skizofrenia inafanana sana na hiyo hali. Sehemu za ubongo zote zipo, shida kubwa iko kwenye namna zinavyopelekeana habari.

Wazo lenyewe ni la zamani ila lilipata nguvu mwaka 1995 pale Karl Friston na Chris Frith, watafiti wa London, walipoandika kwamba tuangalie muunganiko wa sehemu na sehemu badala ya kutafuta kipande kimoja kilichoharibika. Toka hapo MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya ubongo, imetumika kwa namna mbili. Ya kwanza inafuatilia zile nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu za ubongo, na mwaka 2018 watafiti wa nchi nyingi walikusanya picha za wagonjwa 1,963 na watu wasioumwa 2,359, wakakuta nyuzi za wagonjwa zina tofauti ndogo ndogo karibu ubongo wote, pamoja na lile fungu kubwa linalounganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Namna ya pili mtu analala tu kwenye mashine hafanyi kitu, wanaangalia sehemu zipi zinapanda na kushuka pamoja, maana zinazopanda na kushuka pamoja ndio zinazoongea. Hapo ndio ikaonekana habari ya thalamasi, kituo kilicho katikati kabisa ya ubongo ambapo habari nyingi za macho, masikio na ngozi zinapita kabla hazijafika juu. Kwa wagonjwa mawasiliano ya thalamasi na sehemu za mbele, zile zinazopanga, zinazochuja, zinazosema hili ni muhimu na hili achana nalo, yako chini kuliko kawaida. Mawasiliano yake na sehemu za hisi na mwendo yako juu kuliko kawaida. Kwahiyo sio kwamba kila kitu kimepungua, huku pungufu huku zimezidi, na ukimuona mtu anashtuka kwa kila mlio wa pikipiki barabarani huku hawezi kufuata maelezo ya mambo matatu, unaanza kuelewa.

Na kitu ambacho mimi nakiona cha maana zaidi, tofauti hizi zimeonekana hata kwa watu walioanza kuumwa juzi juzi, na hata kwa baadhi ya vijana waliokuwa bado kwenye dalili za awali. Maana yake huwezi kuzibebesha zote dawa. Nasema hivi sababu mtaani lazima atatokea mtu wa kukwambia dawa za hospitali ndio zinaharibu ubongo, bora umuache hivyo hivyo. Mjibu kwa upole kwamba mvurugiko unakuwepo mwanzoni kabisa, kabla dawa hazijaingia. Mweleze pia kwamba mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapiga picha wagonjwa wa mara ya kwanza kabla na baada ya matibabu, na wale ambao dalili zilipungua, mawasiliano kati ya striatamu, sehemu ya ndani ambako dawa hizi zinafanya kazi zaidi, na sehemu za mbele yaliongezeka. Hiyo ni habari njema sana na haisemwi vya kutosha.

Watu wanauliza kwanini imkute kijana aliyekuwa anaongoza darasani, kwanini asingezaliwa nayo. Ubongo haumaliziki kujengwa utotoni. Kwenye ujana unapogoa viunganishi ambavyo hauvihitaji na nyuzi zinaendelea kupakwa mafuta yake ya kinga mpaka miaka ya ishirini na kitu, na ndio maana huu ugonjwa unapiga hodi mara nyingi kati ya mwisho wa sekondari na katikati ya miaka ya ishirini, wanaume wakiwahi kidogo kuliko wanawake. Mwaka 2016 watafiti wa Boston waliihusisha jeni, yaani kipande cha urithi, inayoitwa C4 na huo upogoaji, kwamba kwa baadhi ya watu huenda unazidi. Urithi upo: kwa watu wote kwa ujumla ni karibu 1 kati ya 100 anaeugua maishani mwake, mzazi mmoja akiwa nao mtoto anakuwa kama 1 kati ya 10. Lakini hata kwa mapacha waliofanana kabisa, mmoja akiugua mwingine nusu ya mara au zaidi haugui, kwahiyo msianze kuchambua ukoo wa mama na ukoo wa baba, hiyo vita haimponyi mtu.

Na sauti je? Jaribu kujitekenya kwapani sasa hivi. Hucheki. Ubongo ukituma amri kwa mkono unatuma na taarifa kwa sehemu ya hisi kwamba huyu ni mimi mwenyewe, basi mguso unapunguzwa makali. Mwaka 2000 huko London Sarah-Jayne Blakemore, Frith na wenzao waliwajaribu wagonjwa wanaosikia sauti au wanaohisi kuendeshwa na nguvu nyingine, wakakuta mguso wa mkono wao wenyewe na mguso wa mtu mwingine wanauhisi sawa tu. Watafiti wengi wanaona sauti zina njia hiyo hiyo: kila mtu anaongea na nafsi yake kimya kimya, ila ile taarifa ya kwamba huyu ni mimi isipofika vizuri kwenye sehemu za kusikia, maneno yako mwenyewe yanakuja kama ya mtu mwingine. Anasikia kweli. Haigizi. Ukilielewa hili hata namna yako ya kuongea nae itabadilika.

Kwenye kikao sema hivi tu, usirefushe: "Wazee wangu, mtoto anaumwa, sehemu za ubongo wake hazipelekeani habari vizuri, huwa inatokea kwa umri huu, dawa zipo na zinafanya kazi vizuri zaidi tukiwahi, naomba baraka zenu tumpeleke wiki hii." Halafu nyamaza uwaache waongee.

Msikimbilie kupiga picha

Kwa sababu nimeongea sana MRI, najua kuna mtu kashaanza kuwaza kuuza ng'ombe akampige mtoto picha ya ubongo. Hapana. Tofauti hizo zote ni za wastani wa kundi na kundi, ukichukua picha ya mtu mmoja utakuta wagonjwa wengi wanaonekana kama watu wasioumwa tu na wasioumwa wengine wanaonekana kama wagonjwa. Hakuna daktari popote duniani anaemwambia mtu una skizofrenia kwa kuangalia picha peke yake. Ugonjwa unajulikana kwa maongezi, historia, na muda ambao dalili zimekaa. Daktari akiagiza CT (picha nyingine ya kichwa) au MRI ni kwa ajili ya kuondoa vitu vingine, mfano kama kijana aliumia kichwa kwenye bodaboda, anapata degedege, ana maumivu makali ya kichwa au mkono mmoja umelegea. Akiagiza fanyeni. Asipoagiza, hela hiyo itawafaa kwenye dawa na nauli za mwaka mzima.

Daftari kwanza

Kabla ya hospitali nunueni daftari, lile la kawaida la shule. Mtu mmoja tu aliandike, asiwe anaandika mbele yake. Mlango wa daktari ukifunguka mnapata dakika chache, mama analia, kijana amenyamaza au anaongea kwa akili zote kama vile hakuna kitu, mnarudi na panado. Daftari linaongea kwa niaba yenu. Mfano wa jinsi linavyoandikwa:

Jumatatu: kalala saa tisa usiku, kaamka saa kumi na mbili. Hajala mchana. Kaziba kioo cha bafuni kwa gazeti, kasema wanamwangalia.

Jumatano: kaoga mwenyewe. Kaongea vizuri na binamu yake dakika kumi hivi, halafu akaanza kumjibu mtu ambae hayupo.

Ijumaa: kazima simu ya mama, kasema inatuma mawazo yake kwa watu.

Hamna kuandika "kachanganyikiwa" au "kafanya vituko", andika alichofanya na alichosema. Andikeni na lini mabadiliko yalianza, maana mara nyingi sauti sio kitu cha kwanza. Ukirudi nyuma utakumbuka kwamba matokeo yalianza kushuka kidato cha tano, akaacha mpira, akaacha kuoga, akaanza kuogopa marafiki zake, akawa na usemi unaoruka ruka huwezi kufuata. Andikeni bangi, mirungi, gongo, chochote anachotumia, na msimfiche daktari. Bangi hasa, kuna utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 1987 uliofuatilia vijana wa jeshi zaidi ya elfu 45 kwa miaka 15, wale waliovuta sana kabla ya kuingia jeshini waliugua skizofrenia mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Kwa kijana ambae tayari dalili zimeanza, kuacha bangi ni sehemu ya matibabu. Ila kusema "ni bangi tu, ikimtoka atakaa sawa" ndio sentensi iliyochelewesha vijana wengi niliowaona.

Kuongea nae

Hapa ndio watu wanaharibu bila kujua. Kuna wanaobishana nae mpaka usiku wa manane, kuna wanaomkubalia kila kitu ili mambo yaishe. Vyote viwili vinawarudisha nyuma. Shika hisia yake, acha hoja yake ipite. Inaenda namna hii:

– Dada, wameweka kitu kwenye chaja.

– Pole mdogo wangu, kuishi hivyo lazima kuchoshe. Jana umelala kweli?

– Nilale vipi na wananisikiliza.

– Mimi siwasikii hao watu, ila naona unateseka na siwezi kukuacha. Twende tukaonane na daktari kwanza upate usingizi, nitakaa na wewe humo ndani.

Umeona hakuna sehemu amesema "hamna kitu kwenye chaja wewe", na hakuna sehemu amesema "kweli wameweka". Usingizi ndio mlango mzuri zaidi, sababu yeye mwenyewe anajua halali. Wengi hawatakubali neno kichaa wala neno akili, ila watakubali kwenda kutibiwa usingizi, mawazo, kichwa kuwa kizito, na huo sio uongo. Chagua mtu mmoja anaemwamini, hata kama ni shemeji au kocha wa mpira, huyo ndio amuongoze. Msiende watu kumi. Sauti iwe ya chini, TV imezimwa, watoto wako nje, mtu asimkabie mlangoni.

Siku ya kwenda

Kwa Moshi kuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuna KCMC ambayo ni ya kanda. Kwa Arusha ni Mount Meru. Ulizeni mapokezi kliniki ya afya ya akili iko siku gani na saa ngapi mnatakiwa kufika, bora mpige au mtume mtu aulize siku moja kabla. Mkiwa mbali, Rombo au Longido huko, anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya mpate rufaa, dawa za msingi zinaweza kuanzishwa huko huko. Hospitali za magonjwa ya akili, Mirembe ya Dodoma na Lutindi kule Korogwe, zina kazi yake, lakini msimtishe mtoto kwa majina hayo, wagonjwa wengi wa mara ya kwanza wanatibiwa wakitokea nyumbani. Bebeni daftari, kadi ya bima kama ipo, dawa zozote anazomeza hata za mitishamba kwenye chupa yake, na chakula, maana mtakaa. Hela ikiwa shida ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, sio baada ya kuandikiwa dawa.

Mtegemee vipimo: malaria, damu, sukari, VVU, kaswende, mara nyingine tezi ya shingoni. Sio kwamba wanapoteza muda. Kuna magonjwa ya mwili yanayofanana kabisa na haya, na hasa kama mabadiliko yamekuja ghafla ndani ya siku mbili tatu na homa, shingo ngumu, au hajui yuko wapi na saa ngapi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, nendeni hata usiku. Kifafa nacho kinaweza kuleta mambo ya ajabu kichwani, na huku kwetu tunapopenda nyama ya nguruwe, tegu, yule mnyoo, anaeingia kwenye ubongo yupo, kwahiyo mkiulizwa kuhusu degedege jibuni vizuri.

Daktari anaweza asitamke skizofrenia siku ya kwanza, akasema saikosisi tu, yaani hali ya kusikia au kuamini vitu ambavyo havipo. Sawa. Jina linahitaji muda wa kuangalia, matibabu hayasubiri jina. Ulizeni maswali haya: dawa hii inaitwaje, anaanza na kiasi gani, madhara gani tutayaona wiki ya kwanza, likitokea tufanye nini, tunarudi lini.

Kuhusu mchungaji, shehe, na mganga. Mimi ni mtu wa kanisa na naombewa, sitakwambia uache. Ila mwombeeni akiwa anameza dawa. Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba wapo walioacha dawa zao nyumbani, na tuliona. Mweleze kiongozi wenu wa dini mapema, akiwa muelewa atakuwa msaada mkubwa, anaweza hata kumwambia kijana ameze. Akikwambia chagua maombi au dawa, tafuta mwingine. Na popote panapofungwa watu kwa mnyororo, panaponyima chakula kwa jina la mfungo au kuchapa kutoa mapepo, usimpeleke mtoto wako.

Wiki za mwanzo za dawa

Dawa zinazopatikana sana ni haloperidoli, klopromazini, risperidoni na olanzapini, na kuna sindano ya mwezi kwa wanaosahau au wanaokataa vidonge. Usingizi na wasiwasi vinaweza kutulia ndani ya siku chache, sauti na imani zile zinachukua wiki, mpeni mpaka kama wiki sita kwa kiasi sahihi kabla ya kusema haifanyi kazi, kama daktari hajasema vingine.

Sasa hiki kisome vizuri. Unaweza kukuta siku ya pili au ya tatu ya haloperidoli, usiku, shingo imejikunja upande mmoja, macho yamegeuka juu, ulimi umekakamaa hawezi kuongea vizuri. Nyumba nzima inaruka, mtu anasema mapepo yamepanda. Sio mapepo, ni misuli imekaza kwa sababu ya dawa, inatibika haraka kwa sindano au kidonge cha benzheksoli, ambacho wengi mnakijua kama Artane. Mpelekeni hospitali usiku huo huo na mseme jina la dawa aliyopewa. Akishindwa kupumua au kumeza msisubiri hata gari la jirani lipate mafuta, chukueni chochote kinachotembea. Halafu kuna ile hali ya kushindwa kutulia, anasimama anakaa anasimama anazunguka meza, miguu haitulii, watu wanadhani ugonjwa umezidi wanamuongezea dozi. Mwambieni daktari, mara nyingi dozi inapunguzwa au dawa inabadilishwa. Na akipata homa kali huku mwili umekakamaa wote na anachanganyikiwa, dawa isimame na aende hospitali saa hiyo hiyo. Olanzapini inaleta njaa na unene, mpimeni uzito kila mwezi na sukari ipimwe, kijana wa miaka 20 anaeona tumbo linatoka ataacha dawa kimya kimya na hatawaambia.

Akipata nafuu ndio hatari nyingine inaanza. Kapona, anacheka, anaenda sokoni, dawa za nini tena. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ziendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, na utafiti mmoja wa New York wa mwaka 1999 kwa wagonjwa wa mara ya kwanza ulikuta kuacha dawa kunaongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi karibu mara tano. Kwetu mwezi unaoharibu ni Desemba. Ukoo wote umepanda kutoka Dar, kuna mbege, kuna bia, kuna mjomba anasema kijana mzima hivi anameza vidonge kama babu, kuna kukesha. Pangeni kabla: dawa ziko kwa nani, analala wapi penye utulivu, na nani ataongea na mjomba.

Maneno ya nyumbani

Mwaka 1972 huko London George Brown na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali wakarudi makwao, na waliorudi kwenye nyumba za kulaumiwa, kukosolewa na kuingiliwa kila dakika waliugua tena zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Hili limepimwa tena na tena nchi tofauti. Kwahiyo namna unavyomwamsha asubuhi ni sehemu ya tiba. Usimpe maagizo manne kwa pigo moja, kumbuka ile habari ya kuchuja, mwambie jambo moja, limalizike, ndio lingine. "Oga kwanza, chai iko tayari." Kujitenga na kukosa hamu ni dalili kama sauti zilivyo dalili, na mara nyingi ndio inayochelewa zaidi kuondoka, msimwite mvivu. Msimwite chizi hata kwa utani, na wadogo zake waelezwe kwa maneno yao ili wasimcheke. Na nyie mnaomtunza pokezaneni, mama peke yake hawezi kuamka kila usiku mwaka mzima.

Ulizeni pia waziwazi kama anafikiria kujiua au kama sauti zinamwamuru ajidhuru au adhuru mtu. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Miaka ya mwanzo ya ugonjwa ndio yenye hatari kubwa ya kujiua, na mara nyingine ni pale anapopata nafuu na kuona alichopoteza. Dawa za kupulizia kahawa, sumu za mahindi, kamba na mapanga viondoke kwenye nyumba anayolala, vipelekwe kwa jirani au vifungiwe. Akisema ndio, asiachwe peke yake hata chooni na aende hospitali siku hiyo. Akiwa na silaha, toeni watoto, ongeeni kwa mbali, mpigieni mwenyekiti wa mtaa na polisi na muwaambie mapema kwamba ni mgonjwa, sio mhalifu.

Kurudi shule au kazini

Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa, na wengi wengine wanaishi vizuri, wanaoa, wanalima, wanafanya biashara, huku wakimeza dawa. Ila kichwa kinarudi taratibu, kumbukumbu na umakini huwa vinachelewa nyuma ya sauti. Mwanzoni apewe kazi moja yenye mwanzo na mwisho, kuku wake kumi, au saa mbili dukani asubuhi wateja wakiwa wachache. Kwa walioko chuo, andikeni barua ya kuahirisha mwaka mkiambatanisha cheti cha daktari kabla mitihani haijafika, ni rahisi kuliko kuja kufukuzana na matokeo ya sifuri baadae. Shule ya sekondari ongea na mwalimu mmoja tu, yule wa malezi au yule anaempenda, akubaliwe kukaa mbele, kupewa maelezo kwa maandishi na kutoka nje kelele zikizidi. Kadi ya kliniki aanze kuishika yeye mwenyewe mapema, na tarehe ijayo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu za watu wawili, na dawa zifuatwe zikiwa zimebaki za wiki nzima sio za siku moja, sababu kuna siku mtafika dirishani na aina yake itakuwa imeisha mkatafute duka lingine la dawa mjini.